Jumamosi Moja Sanje: Safari ya Ghafla Kwenye Maporomoko ya Udzungwa

Maporomoko ya Sanje yako mkoani kwetu Morogoro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, juu ya bonde la Kilombero, na maji yake huanguka takriban mita 170 kwa hatua tatu kabla ya kutulia na kuelekea mashambani. Mtu anayetoka Morogoro mjini asubuhi anaweza kuyapanda, kuogelea kwenye mabwawa yake, kula chakula cha mchana na kurudi kulala nyumbani kwake. Hata hivyo nawafahamu watu wengi waliozaliwa na kukulia mjini hapa, watu waliokwishafika Zanzibar na Arusha, ambao Sanje wameiona kwenye kalenda za ukutani tu. Mimi na rafiki zangu watatu tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, bila maandalizi yoyote ya siku nyingi. Ninaandika kwa sababu natamani wengine waende, na zaidi kwa sababu kule nililiona jambo kuhusu maji na msitu ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo.

Siku yenyewe tulikuwa tumeitenga kwa ajili ya kikao cha harusi. Usiku wa kuamkia Jumamosi ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenyekiti wa kamati amepata msiba, hivyo kikao kimeahirishwa. Asubuhi tulikutana mahali petu pa supu, karibu na stendi ya zamani, tukiwa na siku nzima mikononi na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyumbani. Mmoja wetu ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi amekuwa akituhubiria habari za Udzungwa. Mwingine ni muuguzi ambaye wiki hiyo alikuwa ametoka zamu za usiku. Wa tatu ni fundi umeme mwenye gari aina ya Noah. Mwalimu aliposema, “Jamani, twendeni Sanje leo,” nilitegemea kusikia orodha ya sababu za kutokwenda, lakini fundi aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la mafuta. Kila mmoja akatuma mchango wake kwa simu pale pale mezani kabla chapati hazijaisha. Tulipitia nyumbani kuchukua viatu vya raba, kanga, taulo na chupa za maji, muuguzi akaongeza kisanduku cha huduma ya kwanza, na ilipotimu saa moja na robo tulikuwa tumekwishaiacha Msamvu nyuma yetu tukiifuata barabara ya Iringa.

Sitasema mengi kuhusu njia hadi Mikumi, kwa kuwa wasafiri wengi wanaifahamu. Ukipita Mzumbe na Melela unafika Doma, ambako nyanya hupangwa kando ya barabara kwenye ndoo, na baada ya hapo unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu inaikata kwa kilometa zipatazo 50. Mabango ya hifadhi yanaonyesha faini ya kumgonga kila aina ya mnyama, na mwendo wa mchana ni kilometa 70 kwa saa. Tuliwaona swala, nyani waliokaa katikati ya lami kana kwamba wameilipia, na twiga wawili waliokuwa wakivuka bila haraka huku basi kubwa la abiria likiwasubiri. Muuguzi alisema kwamba amepita njia hiyo mara nyingi akielekea Iringa, lakini siku zote akiwa amelala kwenye kiti cha basi.

Mikumi mjini unakunja kushoto, na kuanzia hapo nchi inabadilika. Barabara inateremka kati ya vilima kuelekea Kidatu, joto linazidi kadiri unavyoshuka, na hatimaye unakutana na Mto Ruaha Mkuu. Hapa pana mambo mengi mahali padogo. Pana bwawa la Kidatu na mitambo yake ya kufua umeme wa megawati 204, ambayo fundi wetu aliieleza kwa heshima ya mtu anayezungumzia kazi ya mikono ya wakubwa zake. Pana viwanda vya sukari kila upande wa mto, na miwa inayotanda hadi macho yanapochoka. Oktoba ni msimu wa kuvuna, kwa hiyo tulifuatana na matrekta yenye matela yaliyosheheni miwa, mengine yakitoka katika mashamba ya kampuni na mengine yakitoka kwa wakulima wa nje, yaani wananchi wenye ekari zao wanaokiuzia kiwanda. Harufu ya miwa iliyochomwa iliingia garini na kukaa humo siku nzima. Reli ya TAZARA pia inapita hapa, ile yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ndiyo inayoandamana na barabara kuelekea Mang'ula na Mlimba.

Baada ya Kidatu mkono wako wa kulia unajaa milima. Maneno yangu hayatoshi kueleza namna Udzungwa inavyosimama pale. Upande wa kushoto bonde limelala tambarare kabisa, limejaa miwa na mpunga, na upande wa kulia, bila vilima vya kukuandaa, ukuta wa kijani unapanda moja kwa moja mpaka mawinguni. Karibu na kijiji cha Sanje mwalimu alimwomba fundi asimamishe gari, akanyoosha kidole juu, nasi tukauona mstari mweupe ukiwa umening'inia katikati ya msitu. Kwa mbali ulionekana kama uzi. Tulikuwa katika kilele cha kiangazi. Mito midogo inayoteremka kutoka Uluguru kuja mjini kwetu ilikuwa imebaki mawe na vidimbwi, na mvua ya mwisho tuliyoikumbuka ilikuwa ya mwezi Mei. Muuguzi ndiye aliyeuliza swali lililotuongoza siku nzima. Aliuliza maji yale yanatoka wapi wakati mvua hainyeshi.

Kabla ya kupanda ni lazima kufika ofisi za hifadhi zilizoko Mang'ula, kiasi cha kilometa kumi mbele ya Sanje, kujiandikisha, kulipia na kupewa mwongozaji. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo na kulipa kwa simu au kwa kadi. Mwenye kitambulisho cha taifa analipa kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na kile cha mgeni kutoka nje. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa nimewasikia watu wengi wakisema kwamba hifadhi ni mambo ya wazungu na kwamba bei yake haishikiki. Sisi wanne tulitumia fedha nyingi zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye kiingilio.

Tulipangiwa mwongozaji kijana, mwenyeji wa Mwaya, ambaye tangu dakika ya kwanza alionyesha kwamba hakukariri maelezo kutoka kwenye karatasi. Alitukagua viatu, akauliza kama kuna mwenye matatizo ya moyo au magoti, akahesabu chupa zetu za maji na kutushauri tuongeze nyingine. Tukarudi naye hadi Sanje, tukaegesha gari chini ya mwembe, na ilipokaribia saa sita mchana tukaanza kupanda.

Dakika za mwanzo zilikuwa za jua kali. Mara tulipoingia chini ya miti, hewa ikabadilika kama vile mtu amefungua mlango wa chumba kingine. Ardhi ilikuwa na unyevu. Majani yaliyooza yalifunika njia, na kila tulipoyagusa kwa kiatu tuliona udongo mweusi chini yake, mbichi, katika mwezi ambao udongo wa bustani yangu nyumbani unatoa vumbi. Mwalimu aliinama, akachota udongo kiganjani na kuukamua, akampa muuguzi. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake la kwanza kwa lile swali la barabarani.

Jibu la pili alilitoa tulipoketi kupumzika kwenye gogo, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo kiini cha yote. Udzungwa ni moja ya milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi hapa. Milima hii ni ya kale mno, na kwa muda mrefu imekuwa ikipokea unyevu unaoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi. Upepo ule ukikutana na ukuta wa mlima hauna budi kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unaacha maji yake, mara kama mvua na mara kama ukungu unaonasa kwenye majani na kudondoka tone kwa tone. Mvua ikinyesha juu ya mlima ulio uchi, maji yanateremka siku hiyo hiyo, yamebeba udongo, na kesho mto umekauka. Ikinyesha juu ya msitu kama huu, inapokewa kwanza na matawi, kisha na majani makavu, kisha na mizizi na udongo wenye matundu, unaokunywa na kushikilia maji kama sponji na kuyaachia kidogo kidogo kwa miezi. Maji tuliyokuwa tunayafuata juu yaliangukia msituni wakati wa masika, na huenda mengine yalianguka kabla ya hapo.

Kitu kingine kinachoifanya Udzungwa kuwa ya pekee ni kwamba msitu wake wa Mwanihana, ambao ndimo njia ya Sanje inamopita, haujakatika kutoka chini mpaka juu. Unaanza kwenye mwinuko wa kama mita 250 kutoka usawa wa bahari, ukigusana kabisa na mashamba, na kuendelea hadi zaidi ya mita 2,000. Katika Afrika Mashariki ni vigumu sana kupata mlima mwingine ambao msitu wake wa chini haujafyekwa kwa ajili ya kilimo. Mwongozaji wetu aliongeza kwamba ndiyo sababu wanyama wanaweza kupanda na kushuka kufuatana na msimu na matunda bila kutoka kivulini.

Alikuwa bado anazungumza tulipowasikia mbega. Mbega mwekundu wa Udzungwa ana kichwa chenye nywele nyekundu na mwili mweusi wenye kijivu, na kundi lile lilikuwa na wengi kiasi kwamba matawi juu yetu yaliyumba kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto kifuani na akatutazama kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili. Kitambo baadaye, kutoka bondeni, ilisikika sauti nyingine, nzito, inayoanza kama mtu anayeita kwa mbali na kumalizika kwa mlio kama wa bata mzinga. Mwongozaji alisimama, akainua mkono, na kusema neno moja: ngolaga.

Huyu ndiye kima ambaye wataalamu humwita mangabei wa Sanje, na habari yake inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Hadi mwaka 1979 sayansi ilikuwa haimjui kabisa. Watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa Mwanihana wakichunguza mbega waliposikia sauti hiyo ngeni masikioni mwao, na wenyeji waliokuwa nao hawakushangaa hata kidogo, kwa kuwa wao walikuwa na jina lake tangu enzi za babu zao. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hatukumwona kwa macho, maana huyu hupenda kutafuta chakula chini, ardhini, na husikia hatua za watu mapema. Mwalimu alisema kusikia kunatosha. Mimi nakiri kwamba ningetamani kumwona, na hiyo ni sababu mojawapo ya kurudi.

Baada ya mwendo wa kama saa moja na nusu, wenye sehemu mbili za mteremko mkali ambapo tulishikilia mizizi na kupeana mikono, tulisikia maji kabla ya kuyaona. Sauti ilikuwa ya kunguruma chinichini, halafu miti ikaachana na tukatokea kwenye mwamba ulio wazi. Upande mmoja maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu yetu na kuingia katika bwawa la kijani. Upande wa pili yaliendelea kutiririka juu ya mawe laini, yakafika ukingoni na kutoweka, na mbele ya ukingo ule bonde lote la Kilombero lilikuwa limetandazwa. Tuliona miwa iliyogawanywa kwa mistari, moshi wa kiwanda, mapaa ya mabati ya Sanje, reli na barabara, na mbali kabisa ukungu wa joto unaoficha mto wenyewe wa Kilombero. Maji yaliyokuwa yanapita miguuni mwetu yalikuwa yanaelekea huko.

Mwongozaji alituonyesha mahali salama pa kuogelea na akatukataza mambo mawili kwa ukali ambao uliniridhisha: kukaribia ukingo wa poromoko la chini, ambako mwamba umefunikwa na utelezi usioonekana, na kusimama moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka, kwa kuwa mto huweza kuleta jiwe au tawi wakati wowote. Tuliyatii yote. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kukata pumzi. Fundi alijitupa na kuibuka akipiga kelele za furaha, mwalimu aliingia taratibu kama mtu anayeingia msikitini, na muuguzi, aliyejifunga kanga na kusema kwamba atalowesha miguu tu, ndiye aliyechelewa kutoka kuliko sisi sote. Alikaa kwenye jiwe lililo nusu majini, macho ameyafumba, manyunyu yakimpiga usoni. Baadaye alituambia kwamba kwa wiki kadhaa wodini kwake palikuwa na kazi ngumu, na kwamba hakuwa amekaa mahali bila kusikilizia kama kuna anayemwita.

Ni kwenye manyunyu hayo hayo mwalimu alitusimulia habari ya chura wa Kihansi, na nilishukuru kwamba alisubiri mpaka tufike pale. Kihansi iko kusini mwa safu hii hii ya Udzungwa. Mto wake uliporomoka kwenye korongo lenye mteremko mkali, na manyunyu yake yalilowesha eneo dogo sana la majani chini ya poromoko. Mwaka 1996 ndipo wataalamu waligundua kwamba katika eneo hilo dogo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko kidole gumba, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio kamili, na ambaye hakuwahi kuonekana mahali pengine popote. Wakati huo mradi wa umeme ulikuwa umekwishaanza kujengwa. Mitambo ya Kihansi yenye uwezo wa megawati 180 ilianza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mtaro wa chini ya ardhi, na manyunyu yakakatika. Viliwekwa vinyunyizio vya kuigiza mvua ile ya asili. Hata hivyo, kufikia mwaka 2003 chura wale walikufa kwa wingi, na ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu ulichangia maangamizi hayo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliosalia walikuwa wale waliokwishapelekwa kutunzwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kizazi chao ndicho kilichorudishwa Tanzania kuanzia mwaka 2010, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hatimaye korongoni kwenyewe.

Fundi alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba umeme ule ulihitajika, na kwamba yeye mwenyewe anakumbuka mgao wa umeme wa miaka ya tisini. Mwalimu alikubaliana naye. Mimi pia nakubaliana naye, na sidhani kwamba nchi yetu ingeweza kuishi bila mabwawa. Lakini nilipoinua macho na kuona majani yaliyosimama kwenye mwamba wa Sanje, yakitetemeka daima kwa upepo wa maji, nilielewa kwamba poromoko linalisha viumbe kwa manyunyu yake kama mto unavyolisha shamba kwa mkondo wake, na kwamba mtu anayepima mto kwa megawati na mifereji pekee ameacha kitu nje ya hesabu.

Njia ya kushuka inakuleta chini ya poromoko la mwisho, ambalo ndilo refu kuliko yote. Hapo maji hayafiki kama maji. Yanaachana njiani, yanakuwa vumbi jeupe, na unalowa ukiwa bado mbali na mwamba. Kulikuwa na vipepeo wengi kwenye mchanga wenye unyevu, na hondohondo wawili walipita juu kwa kishindo cha mabawa kinachosikika kabla hujawaona. Tulikaa pale kidogo tu, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda, ingawa mimi ningekaa mpaka jioni. Mzunguko mzima, pamoja na kuogelea na kupumzika, ulituchukua kama saa nne.

Tulipotoka msituni tulimkuta bibi mmoja amekaa kivulini karibu na gari letu, ana ndizi mbivu na miwa iliyokatwakatwa ya kuuza. Tulimwamkia, akatuitikia “Marahaba, wajukuu zangu,” akatuuliza kama maji ni mengi huko juu. Tulimwambia ni mengi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua, na akatuonyesha bomba lililoko upande wa pili wa njia, ambalo hupokea maji ya mserereko kutoka mlimani, bila pampu wala umeme. Muuguzi alimuuliza kama zamani walikuwa wanaingia msituni, na hapo mazungumzo yakawa marefu.

Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1992, ikichukua eneo la kilometa za mraba 1,990 lililokuwa na misitu ya akiba ya zamani, wananchi wa vijiji vya chini waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni kavu siku moja kila wiki. Bibi alisema siku ile ilikuwa kama siku ya gulio kwa wanawake: waliondoka kabla ya jua, wakirudi na mizigo kichwani, na habari zote za kijiji zilizungumzwa njiani. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa, kwa sababu msitu ulikuwa umeanza kuchoka pale chini na waliokuwa wakiingia kwa ajili ya kuni kavu hawakuwa wakitoka na kuni kavu peke yake. Tangu hapo wamepanda miti mashambani, wengine wanatumia majiko banifu, wengine wanachoma pumba za mpunga, na wasio na shamba la kupanda mti wananunua. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kazi ya kutafuta cha kupikia iliongezeka upande wa wanawake, na kwamba anajua kwa nini, kwa sababu bomba lake halijawahi kukauka.

Nimelifikiria sana jibu la bibi yule. Mara nyingi sisi wa mjini tunazungumzia uhifadhi kana kwamba ni kazi ya askari wa wanyamapori na wageni wenye kamera. Sukari tunayotia kwenye chai inatoka kwenye bonde linalonyweshwa na milima hii, mchele wa Ifakara tunaousifu kwenye sherehe unatoka huko huko, na sehemu ya umeme wetu inatokana na mito inayoteremka kutoka Udzungwa. Lakini gharama ya kuuacha msitu usimame ililipwa kwanza na wanawake waliokuwa wanapika kwa kuni zake. Naamini kwa dhati kwamba uamuzi wa kuufunga ulikuwa sahihi. Naamini pia kwamba deni letu kwao ni kubwa, na njia ndogo kabisa ya kuanza kulitambua ni kufika, kulipa kiingilio, kumlipa mwongozaji wa pale, kula kwenye vibanda vyao na kununua ndizi zao. Tulinunua zote zilizobaki.

Chakula tulikula Mang'ula, karibu na kituo cha reli, tulipomrudisha mwongozaji: wali wa mchele wa bondeni uliopikwa kwa nazi, samaki wa mtoni wa kukaanga na matembele. Mwongozaji alikula nasi na kutueleza habari za tembo, ambao kwa kawaida yao huvuka kutoka milimani kuelekea upande wa mashariki, na ambao usiku huingia kwenye mashamba. Baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki, na hivyo hulinda mazao na kuvuna asali kwa wakati mmoja. Mwalimu aliandika karibu kila alichosema.

Tuliondoka Mang'ula saa kumi na moja jioni. Tulivuka Ruaha Mkuu jua likizama, na tulipoingia hifadhi ya Mikumi giza lilikuwa limekwishatanda, hivyo fundi aliendesha kwa kilometa 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, sisi wengine tukimsaidia kutazama pembeni. Kundi la pundamilia lilitusimamisha kwa dakika kadhaa. Saa nne kasoro tulikuwa Msamvu, magoti yakiuma, nguo zikinuka miwa na maji ya mlimani.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni mchache. Aondoke mapema kuliko sisi, saa kumi na moja alfajiri ikiwezekana, ili apande kabla ya joto na apite Mikumi mchana wakati wa kurudi. Anzia ofisi za Mang'ula, usisimame Sanje kwanza. Vaa viatu vyenye meno, beba maji ya kutosha na kitambulisho, na hakikisha simu ina salio la kulipia. Wakati wa masika maji ni mengi na ya kutisha kwa uzuri wake lakini njia inateleza. Kiangazi kina mteremko mkavu zaidi na mabwawa yenye utulivu.

Kikao cha harusi kilifanyika wiki iliyofuata. Mwalimu naye ameshamwandikia mkuu wake wa shule barua ya kuomba kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Sanje mwakani, mara tu masika yatakapokwisha, na fundi ameahidi kuzungumza na mwenye basi dogo kuhusu bei. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta wazazi watakaowachangia watoto wasio na nauli. Tayari nimewapata baadhi, na bado natafuta.